Mashua Iliyovishwa Sanda

Mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na mitano, tulitoka Mahajanga na sinia moja, godoro moja na Kurani ya bibi. Nyumba yetu ya mtaa wa Tsaramandroso ilikuwa imekwisha kuungua katika zile vurugu za kuwafukuza watu wa asili ya Ngazija. Baba, aliyekuwa mchukuzi wa bandarini, alikuwa ameshapandishwa meli pamoja na wenzake, wakirudishwa kwenye visiwa ambavyo yeye hakuwa ameviona tangu utotoni. Mama alikuwa mtu wa pwani hii hii, mzaliwa wa Marodoka, kisiwani Nosy Be. Alisema, "Mimi sina kwetu kwingine," akanishika mkono, tukaenda kwa kaka yake. Hakuishi sana baada ya hapo. Haya nimeyasema, yametosha. Sikukaa kitako kuandika ili watu wanililie.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika. Shule ya Kifaransa niliishia darasa la tatu, na sehemu kubwa ya darasa hilo niliipitisha nje, nimesimamishwa juani. Aliyenisomesha ni bibi mzaa baba, kwa Kiswahili chake cha zamani. Huku kwetu lugha hii haisemwi tena. Yamebaki maneno ya dini, ya biashara na ya bahari. Kwa hiyo ujue kwamba wote watakaosema humu walisema Kimalagasi cha pwani, na Kingazija kidogo wakikasirika. Nimewasemesha Kiswahili mimi. Maneno ni yao.

Mjomba huku huitwa zama. Zama wangu alikuwa kalafati, yaani fundi wa kuziba nyufa za mashua kwa pamba na mafuta, na alikuwa na mashua yake mwenyewe ya mbao na tanga, iliyobeba mchele, chumvi, mabati na watu kati ya Hell-Ville, mji wa bandari wa Nosy Be, na visiwa vidogo, na mara nyingine mpaka Mahajanga. Mkewe, mkazamjomba wangu, hakujaliwa mtoto. Siku niliyofika alinizunguka akinitazama kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Mwembamba huyu," alisema.

"Atanenepa," alisema zama.

"Nimesema mwembamba, sijasema simtaki. Kaa, baba, ule."

Nikakaa, nikala. Sikutoka katika nyumba ile mpaka nilipooa.

Kazi niliyopewa ilikuwa upo. Upo ni kata ya mbao ya kutekea maji yanayoingia chini ya mashua. Mashua zote za mbao huvuja, hilo si aibu. Ile ya zama ilikunywa. Wengine wakisafiri hutazama visiwa. Mimi miaka na miaka nilitazama ngama, yale maji meusi yanayokaa chini ya magunia yakinuka. Ukiacha kuteka ukale ndizi, mchele wa watu unalowa. Pale ufukweni nilikuwa na jina langu.

"Mtu wa Upo! Leo bahari umeiacha hata kidogo, au umeimwaga yote?"

Walicheka, nami nilicheka. Moyoni nilisema: ngojeni.

Kilichokuwa kinaila mashua ile si mawimbi. Ni nchi kavu. Kisiwa cha Sakatia hakina gati. Chombo hukokotwa juu ya changarawe ya matumbawe, na changarawe ile ni randa. Kila unapokokota, ubao unapungua. Kisha pale palipochubuka anaingia yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao na kuishi ndani yake, na nje huoni ila tundu dogo kama la sindano. Dawa ya wazee ilikuwa deheni, mafuta ya ng'ombe yaliyochemshwa pamoja na chokaa, hupakwa chini ya chombo. Deheni humzuia mdudu vizuri sana. Changarawe haiizuii hata kidogo. Ukienda Sakatia mara mbili tatu, imeisha, na unachemsha mafuta upya, na mtaa mzima unanuka.

Miaka ya tisini ilipoanza, wageni wenye mashua za starehe walikuwa wameanza kuwa wengi Nosy Be. Mmoja wao, mzungu mtu mzima mwenye ndevu nyekundu, alikuwa na mashua ya mbao aliyoiunda mwenyewe kwao. Aliipandisha mchangani karibu na Hell-Ville akatafuta mtu wa kumkwangulia rangi. Nikaenda. Nilikuwa na miaka thelathini, sina mke, sina chombo, na upo bado mkononi.

Alikuwa anaivisha mashua yake ngozi. Kwanza aliukwangua ubao mpaka ukabaki mtupu. Kisha akachanganya rezini, gundi nzito kama asali, pamoja na dawa yake ya kugandisha, akaipaka kwenye ubao, akatandaza kitambaa juu yake na kukikandamiza kwa rola mpaka kitambaa kikalowa chote. Kesho yake kimekuwa kigumu kama ukucha. Vitambaa alikuwa navyo viwili. Kimoja cha nyuzi za kioo, kinang'aa. Cha pili cha poliesta, cheupe, laini, chenye nyuzi zilizolegea, ukikishika unadhani ni cha kushonea kanzu. Nilidhani cha kioo ndicho cha chini na hiki laini ni cha mapambo. Kumbe ni kinyume. Alinieleza kwa Kifaransa chake kibovu na mimi nikamsikia kwa changu kibovu: kioo kina nguvu ya kuvuta, lakini ukikisugua kinakuwa unga. Hiki laini kinastahimili kusuguliwa.

Mimi siamini kitu kwa kuambiwa. Niliomba vipande vya vyote viwili, nikachukua gogo, nikagandisha kimoja upande huu na kingine upande ule, nikalifunga nyuma ya gari la ng'ombe la jirani yetu aliyekuwa akipeleka maua ya langilangi kiwandani kukamuliwa manukato. Barabara ile ilikuwa mawe matupu. Kwenda upande mmoja wa gogo uko chini, kurudi naligeuza.

"Ng'ombe wangu anauliza," alisema jirani, "hilo gogo ni mchumba wako?"

"Mwambie ni mchumba."

"Anauliza, mbona humkalishi juu ya gari, unamburuta?"

"Mwambie namjaribu tabia."

Watu walitoka milangoni kuona. Mtu wa Upo sasa anatembeza magogo. Lakini wiki ilipokwisha nililifungua gogo lile nikalipeleka nyumbani nikalitazama. Upande wa kioo ubao ulikuwa unaonekana. Upande wa poliesta ulikuwa umeota manyoya kama shavu la mzee asiyenyoa, basi. Haukutoboka popote.

Mzungu alipomaliza kazi akataka kunilipa, nilimwonyesha kwa kidole bunda la kitambaa kile lililobaki, na makopo ya rezini. Alicheka, akanipa, akaongeza na rola.

Mwaka huo huo zama aliipandisha mashua yake chini ya banda la makuti pale Marodoka akasema haishuki tena. Mbao nzima zitatolewa, zijenge jiko la mkewe.

"Nipe mimi," nilimwambia.

"Nikupe nini?"

"Mashua."

"Chini limebaki chekeche. Unataka kuchekecha unga?"

"Nipe hivyo hivyo ilivyo, zama."

Alinitazama. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kutotoa kitu bure, hata salamu. "Itengeneze," alisema. "Iende Mahajanga, irudi, na mimi ndani. Njia nzima upo usiguswe. Tukirudi nitatia mkono chini. Ukitoka mkavu, mashua ni yako pamoja na karatasi zake. Ukitoka umelowa naivunja, na jiko unalijenga wewe."

Tukashikana mikono. Watu waliokuwapo wakasema amina kwa dhihaka.

Kiangazi chote nilikuwa chini ya banda lile. Tuliigeuza mashua kifudifudi. Nilibadilisha mbao zilizoliwa kabisa. Nilitoa pamba yote ya kalafati katika nyufa, kazi ya mikono ya zama ya miaka mingi, naye akipita alitazama pembeni. Katika kila ufa nilipachika ukanda mwembamba wa mbao kwa gundi, ili ubao na ubao viwe kitu kimoja visitembee. Deheni niliiunguza kwa moto, nikaikwangua, nikaosha kwa magadi na maji yanayochemka, nikaacha kukauka, nikaosha tena. Maana rezini na mafuta havikai nyumba moja. Mbao zetu sisi zimelishwa mafuta tangu siku zilipokuwa mti, na fundi asiyelijua hilo atavisha nguo itakayomvuka kesho. Kipimo changu kilikuwa tone la maji. Ukilidondosha ubaoni likasimama kama juu ya jani la jimbi, mafuta bado yamo. Likizama, ubao una kiu, uko tayari. Nilidondosha matone kutoka mbele mpaka nyuma, kila mahali, mpaka kila mahali pakawa na kiu.

Ndipo nikatandaza kitambaa, kikavu bado, kukikata kwa vipimo vya mashua. Kilikuwa cheupe pe, kikaifunika toka mkuku, ule mti wa katikati chini ya mashua, mpaka chini ya ubavu, ncha zake zinaning'inia. Wazee walikuwa wanatoka kusali alasiri. Zama akiwa mbele, na rafiki yake kalafati mwenzake, mtu wa mzaha, nyuma yake. Wakasimama mlangoni.

"Inna lillahi," alisema yule rafiki. "Nani amefariki?"

Watu wakacheka. Zama hakucheka.

"Pamba ameshaitoa kwenye nyufa," aliendelea yule. "Sasa ataitia puani."

"Nyamaza wewe," alisema zama. Kisha akaniambia, polepole, "Umeivisha mashua yangu sanda."

"Ni kitambaa tu, zama. Kesho kinatiwa gundi, keshokutwa rangi."

"Nina macho. Cheupe, hakina mshono, na mwenyewe amelazwa. Mimi nimeosha maiti wengi katika mji huu, utanifundisha sanda? Kitu hai hakivishwi sanda."

"Masharti yetu?"

"Masharti yako palepale. Lakini nimesema na mimi ndani. Kuingia ndani ya maiti nikasafiri baharini, hapana. Hilo sijui."

Akaondoka. Bila yeye ndani hakuna safari, na bila safari mashua ni kuni. Nilikikunja kitambaa changu nikakaa juu ya gogo. Mkazamjomba alikuwa amesimama uani na bakuli la mchele mkononi, amesikia yote. Hakusema neno. Kwa mwanamke yule, hilo lilikuwa jambo la kushangaza, nami nilipaswa kulishangaa.

Kesho yake nilipaka. Kazi ile huanzwa mchana ukishageuka, ubao ukiwa unapoa, kwa sababu ubao unaopoa huvuta gundi ndani na unaopata joto huitema kwa mapovu. Yule kalafati wa mzaha alikuja kunisaidia. Mdomo wake ulikuwa mbaya lakini mikono yake mizuri. Nilimwambia achanganye kidogo kidogo. Akaona kidogo ni uvivu, akajaza kopo. Hatujageuka, kopo likaanza kufuka moshi lenyewe.

"Linaungua! Hakuna moto na linaungua!"

"Litupe!"

"Lina jini!"

Akalitupa mchangani, likagandia humo humo na kijiti chake. Mpaka leo ninalo, nazuilia mlango. Baada ya hapo alichanganya kwa kijiko.

Kitambaa kilipolowa rezini, weupe ulitoweka. Kikawa rangi ya asali, na mbao zikaonekana chini yake. Kalafati akarudi nyuma akatazama. "Maiti amepata damu," alisema. Nilikaza, nikaondoa mapovu, nikarudia rezini mara nyingine, siku nyingine, mpaka nyuzi zote zikajaa, kisha msasa, kisha rangi nyekundu ya chini. Zama alikuja siku ya rangi. Akagonga kwa kifundo cha kidole.

"Inalia kama mtungi," alisema, akaenda zake.

Tuliishusha. Kabla ya Mahajanga nilitaka kuijaribu Sakatia, pale pale palipoiua. Niliipakia mchanga, tukaenda, tukaikokota juu ya changarawe na kuirudisha majini, tena na tena, watu wa kisiwa wakitusaidia kuvuta na kutuuliza kama tumepungukiwa na akili. Ndani kavu. Chini, nilipoinama kutazama, mikwaruzo tu. Ubavu mzima, mkuku mzima. Mpaka nilipofika kwenye omo, kichwa cha mbele, upande wa kulia. Hapo ngozi ilikuwa imebanduka, pana kama sinia, inaning'inia kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Maji hayakuwa yameingia bado. Lakini pakibanduka hapo, kila safari patazidi, na katika njia ya Mahajanga bahari ingeingiza vidole vyake ikaivua nguo yote. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nililishika lile ganda nikalivuta, nikalipeleka puani nijue kama gundi ilikuwa mbovu.

Lilinukia. Lilinukia langilangi.

Msomaji asiyekijua kisiwa chetu aelewe: harufu ya langilangi Nosy Be huja na upepo, huisikii tena kama usivyosikia pumzi yako. Ndiyo maana siku ile ya kupaka sikushtuka. Lakini hii ilikuwa imo ndani ya ubao. Nilipitisha kidole, kikateleza. Mafuta ya nazi, yale yanayokorogwa na maua, wanayopakwa bi harusi.

Nyumba yenye mafuta hayo naijua. Nilifika nikamkuta mkazamjomba anachoma vitumbua. Niliweka ganda lile mbele yake.

"Mama, nini hii?"

Akainama akalinusa. "Mafuta yangu," alisema. "Mazuri, eh? Yamekaa."

"Yamekaa! Yameibandua nguo nzima! Nani amekwambia uyapake?"

"Punguza sauti, vitumbua vitaungua. Nani aniambie? Mume wangu amerudi kutoka msikitini analia sanda, sanda. Hataingia. Asipoingia, mwanangu hana mashua. Nikafikiri: nani huvishwa nguo mpya akiwa amelala kimya? Maiti. Na nani mwingine? Bi harusi. Tofauti yao ni nini? Bi harusi hupakwa mafuta. Basi jioni ile, kabla hujamvisha, nikaenda nikampaka. Usoni tu, kama inavyotakiwa."

"Usoni."

"Mbele si ndiko usoni? Au huanza na matako?"

Hasira ilinitoka hapo. Nilikaa chini, nikala kitumbua cha moto, nikaunguza ulimi. Mwanamke yule alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna mtu duniani angelifanya ila mtu wa mji wetu, tena amelifanya kwa ajili yangu. Nilimweleza: rezini na mafuta ni kama wake wenza, hawalali kitanda kimoja. Akasikiliza, akafuta mikono.

"Ungeniambia," alisema. "Mimi ni mtu wa kuambiwa. Yanaondoka kwa sabuni?"

"Kwa magadi na maji ya moto, na kusugua sana."

"Basi twende. Nani ameosha sufuria nyingi zaidi katika nyumba hii, mimi au wewe?"

Tuliipandisha. Alisugua yeye mwenyewe, amefunga salova yake, ile leso ndefu ya kike, kiunoni, akiimba. Nilidondosha tone langu likasimama, akasugua tena, likasimama, akalitukana, akasugua tena, mpaka likazama. Zama akafika katikati ya kazi ile, akauliza mkewe anafanya nini chini ya mashua ya watu. Akaambiwa kisa chote. Nilitegemea atanicheka. Alikaa juu ya gogo, akakuna kidevu.

"Kwa hiyo ilipakwa mafuta ya harusi," alisema, "kabla ya kuvishwa?"

"Kabla," alisema mkewe.

"Kwa nia?"

"Kwa nia, na Fatiha nikasoma."

"Maiti hutiwa kafuri," alisema zama. "Hapakwi langilangi." Akafikiri tena. "Basi haikuwa sanda."

"Tangu lini nakwambia!" nilisema.

"Wewe uliniambia kitambaa. Kitambaa si jibu." Akainuka. "Weka kiraka chako. Kikigandamana tunakwenda."

Sasa niseme wazi. Mafuta yale ndiyo yaliyoharibu kazi yangu, na mafuta yale ndiyo yaliyompandisha zama ndani. Bila hayo ningekuwa na ngozi safi kabisa juu ya kuni. Mtu atakayetaka kunihesabia ni faida au hasara, ahesabu mwenyewe.

Nilitia kiraka, nikakipandisha juu ya kitambaa cha zamani shubiri nzima pande zote, nikasubiri kikawa jiwe. Safari hii mkazamjomba alipaka mafuta yake baada ya kila kitu kukauka, juu kabisa ya kichwa cha omo, palipo mbao tupu, pasipofikiwa na kitambaa. Akaniuliza, "Hapa ruhusa?" Nikamwambia hapo ruhusa.

Tulikwenda Mahajanga na shehena ya kahawa na pilipili manga. Zama alikaa nyuma, upo ameuweka mapajani kama mtu aliyebeba mtoto. Hakuuachia. Kila alfajiri alitazama chini ya mbao za sakafu, kisha akatazama baharini kana kwamba bahari ndiyo imekosea. Tulipofika, vumbi la magunia lilikuwa chini kule ndani, vumbi, mahali nilipozoea kuona ngama.

Zama na mabaharia wakishusha mzigo, mimi nilipanda mpaka Tsaramandroso kwa miguu. Sikuwa nimerudi mtaa ule tangu siku ile. Palipokuwa nyumba yetu palikuwa na nyumba nyingine, na mama mmoja anaanika nguo. Aliniuliza natafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu, natazama mtaa. Akanikaribisha maji, nikanywa, nikamshukuru. Nilirudi bandarini nikasaidia kupakia chumvi. Njiani niliamua kitu, lakini sikumwambia mtu, kwa sababu mtu asiye na mashua haamui kitu kwa sauti.

Kurudi kulikuwa kugumu kidogo, upepo ulikuwa wa mbele. Tulifika Marodoka watu wakiwa wameshajipanga ufukweni, maana habari za mkono wa zama kila mtu alikuwa nazo. Mkazamjomba naye yupo, na kitambaa chekundu kichwani. Zama akainua ubao wa sakafu, akakunja mkono wa kanzu, akatia mkono chini mpaka begani. Akautoa.

Ulikuwa unatiririka maji.

Hakuna aliyecheka. Hata kalafati wa mzaha alitazama chini. Zama aliuinua mkono wake machoni. Kisha akatoa ulimi, akaulamba.

"Tamu," alisema.

"Nini?"

"Maji haya ni matamu." Akalamba tena, ahakikishe. Akageuka akatazama pipa la maji ya kunywa, pipa la mbao alilolikalafati yeye mwenyewe, lililokuwa limefungwa katikati ya mashua. Chini ya pipa palikuwa na uzi mwembamba wa maji unaoshuka.

Kalafati akapata sauti yake. "Mashua haivuji! Linalovuja ni pipa la fundi!"

Ufukwe wote ukalipuka kwa kicheko, na mkazamjomba akapiga kigelegele cha harusi, kirefu, mpaka mbwa wakabweka. Zama alinipa upo. "Chukua," alisema. "Na mashua. Na pipa uchukue, silitaki tena."

Wiki iliyofuata tulikwenda Hell-Ville, karatasi zikageuzwa jina.

Tangu hapo hakuna aliyeniita Mtu wa Upo. Waliniletea mashua zao, za mizigo, za uvuvi, na mashua za hoteli zinazopeleka wageni kuogelea Sakatia. Nimevisha nyingi. Vijana sasa wananunua za faiba tupu kutoka nje, sawa, ni chaguo lao. Mimi nafanya za mbao. Kila moja nikishaimaliza na kukauka, namwita mwanamke wa nyumba ya mwenye mashua aje na mafuta yake, apake kichwani, juu ya pale kitambaa kinapoishia. Wengine siku hizi wanadhani ni sehemu ya ufundi, wananiuliza mafuta yana kazi gani. Nawaambia yanamfanya mwenye mashua apande.

Zama na mkewe wamelala Marodoka, Mungu awarehemu. Zama nilimwosha mimi na kumvisha sanda mimi, ya kweli.

Nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali Tsaramandroso, si pale pale, ni mtaa wa nyuma yake, ina bati na kisima. Banda la kazi Marodoka. Nyumba ya zama, pamoja na jiko la mawe nililomjengea mkewe nilipopata uwezo. Mashua tatu, ya kwanza ikiwa ni ile ile, nimeibadilisha nguo mara mbili. Randa, patasi, rola, misasa. Kopo la rezini lenye kijiti ndani. Pipa moja, bado linavuja. Sinia ya mama. Kurani ya bibi. Upo mmoja wa mbao, tunaupimia mchele.